Dakika Kumi na Moja za Kufumba Macho

Bosibori, aliyerithi kiti changu, amenipigia simu mara tatu tangu nistaafu. Mara ya kwanza aliuliza ufunguo wa kabati uko wapi. Mara ya pili alisema ameupata lakini kabati halifunguki, nikamweleza kwamba lile kabati halifunguliwi kwa ufunguo, linapigwa teke chini, upande wa kushoto. Mara ya tatu aliuliza kuhusu fomu. Alikuwa amepata faili la fomu zetu za kupima mazungumzo ya mikutano, na katika safu iliyoandikwa "Kukatizwa wakati wa maombi" akaona sufuri kutoka juu hadi chini, ila kwenye mstari wa mwisho kabisa kuna moja, imeandikwa kwa wino mwekundu. Alitaka kujua kama ni makosa, kwa sababu alikuwa anaandaa ripoti na ile moja ilikuwa inamharibia.

Nilimwambia asiiguse, na kwamba nitamwandikia, maana habari yake haitoshei kwenye simu. Basi haya ndiyo maelezo ya kukabidhi ofisi niliyopaswa kuyaandika kabla sijaondoka. Ninayaandikia nyumbani Manga, nimekaa nje miguu juani, na kuku wananipita bila heshima yoyote. Sitasema nilipandishwa daraja lini wala nani alinipandisha. Hayo yamo kwenye faili langu, kama panya hawajayafikia.

Nilianza kazi nikiwa muuguzi, katika hospitali ambayo nyote mnaijua na sitaitaja kwa sababu bado natibiwa huko. Siku ya kwanza nilipokelewa na Matroni Akinyi, mama kutoka upande wa ziwa aliyeletwa kwetu kwa uhamisho wa mwaka mmoja akakaa mpaka akastaafu. Aliniangalia viatu, akaniangalia kucha, kisha akanibandika kifuani saa ya wauguzi, ile inayoning'inia kichwa chini ili uisome ukiwa umeinama juu ya mgonjwa. Akaniambia nihesabu mapigo ya moyo ya bibi mmoja aliyelala karibu na dirisha. Nilihesabu nusu dakika, nikazidisha mara mbili, nikaandika. Nilijiona mjanja.

"Na moyo ikisimama hiyo nusu ingine," aliniuliza, "utaandika ulizidisha?"

Alinirudisha kwa yule bibi, na baada yake kwa kila kitanda cha wadi nzima, dakika nzima kwa kila mtu. Kufikia saa sita wagonjwa walikuwa wananionea huruma. Lakini tangu siku hiyo kila ninachohesabu nakihesabu chote mpaka mwisho, na kila ninachokiona nakiandika, hata kama hakina maana wakati huo, kwa sababu hilo pia alilisisitiza. Mazoea hayo yalinisaidia miaka yote, isipokuwa mara moja yaliponiaibisha mbele ya watu.

Miaka mingi baadaye ikaja barua. Kila hospitali ilitakiwa ianzishe mpango wa utafiti na mafunzo ya kuwasaidia madaktari wanawake wapande vyeo. Sababu yake haikuhitaji miwani. Wasichana walikuwa wanaingia udaktari kwa wingi, lakini ukipanda ngazi kwenda kwenye ofisi za wakubwa, unakutana na suti na tai tu. Mkuu wetu wa hospitali, Daktari Omwenga, aliipokea barua ile kwa furaha ya kweli. Ni mtu mwema, na nasema hivyo bila kejeli. Wiki hiyohiyo aliunda kamati ya kuwainua wanawake yenye wanaume tisa, mwenyekiti akiwa yeye mwenyewe.

Nilipouliza wanawake wako wapi, alinieleza kwa upole kwamba wanawake ndio ajenda, na ajenda haiwezi kukaa kwenye kamati inayoijadili. Mimi nilifanywa katibu kwa kuwa tayari nilikuwa chumbani, nimeleta chai. Mkutano wa kwanza ulichukua saa mbili kuamua rangi ya fulana. Siku ya uzinduzi wanaume tisa walijipanga mbele ya jengo la utawala wakiwa na fulana za waridi, na kamati ikamtunuku mwenyekiti wake kikombe cha Bingwa wa Wanawake. Aliyeombwa kumkabidhi ni Daktari Kemunto, mwanamke pekee aliyekuwa daktari wa upasuaji pale kwetu. Walimsubiri sana. Alikuwa katika chumba cha upasuaji, akaja mbio na gambuti zake nyeupe na kofia ya karatasi kichwani, akakabidhi kikombe, akapigwa picha, akarudi kumshona mtu.

Kamati ilipochoka na fulana, kazi yenyewe niliachiwa mimi. Nilipewa ofisi ambayo ilikuwa stoo ya viti vya magurudumu vilivyoharibika na mizani moja ya watoto. Siku ya pili nilipofika asubuhi nilikuta foleni ya kina mama na watoto mgongoni, kwa kuwa watu wa kwetu wakiona muuguzi, meza na mizani, hawaulizi zaidi. Ningefanya nini? Nilipima watoto. Katika ripoti yangu ya kwanza kuhusu maendeleo ya madaktari wanawake, sehemu ndefu zaidi inahusu uzito wa watoto wa Keroka na vijiji vyake, na walikuwa wanaendelea vizuri.

Mafunzo tulifanya kila Jumanne baada ya chakula cha mchana. Tulivipanga vile viti vibovu mstari mmoja, tukaviita bodi. Kimoja kilikuwa na gurudumu lenye kasoro, ukikigusa kinageuka na kukupa mgongo, tukakifanya mwenyekiti. Kila daktari alisimama mbele ya viti akieleza anataka cheo gani na kwa nini, bila kuanza na neno samahani. Aliyesema samahani alidondosha haragwe moja kwenye kopo. Daktari mmoja wa watoto, msichana hodari ajabu, alijaza kopo kwa kipindi kimoja, na aliposikia limejaa akasema samahani. Yale maharagwe tuliyapika.

Kemunto hakuwa na shida ya samahani. Shida yake ilikuwa kwamba hawakumwona. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini, binti wa mzee wa kanisa, na mikono yake ilikuwa mitulivu kuliko yote niliyowahi kuiona ikishika kisu. Nitatoa mfano mmoja tu. Mzee mmoja wa Birongo aliletwa akiwa na ngiri iliyonyongwa, utumbo umebanwa, yuko taabani. Kemunto alimpasua, akamhudumia siku nne, asubuhi na jioni. Siku ya kuruhusiwa, mzee alimwuliza Kemunto daktari atakuja saa ngapi ili amuage.

"Mzee, daktari ni mimi," Kemunto alisema. "Ni mimi nilikupasua."

"Asante sana, sista," mzee alijibu, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Sasa uambie daktari nimeshukuru."

Baada ya wiki alirudi na jogoo mkubwa wa kumpa daktari. Kwenye korido akakutana na fundi wa umeme, aliyekuwa amevaa koti jeupe la kuzuia vumbi, akampa yeye. Fundi hakubisha. Kemunto aliposikia aliuliza tu kama jogoo alikuwa mtamu, kisha akaenda kunawa mikono kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Mimi ndiye niliyekasirika, na sijaacha.

Sasa nieleze jambo lililokuwa hatarini. Idara ya upasuaji haikuwa na mkuu. Kemunto alikuwa kaimu kwa miaka minne, anafanya kazi yote ya mkuu isipokuwa kuitwa mkuu. Kumthibitisha ilikuwa kazi ya bodi ya hospitali, na suala lake lilikuwa kwenye ajenda kila mkutano, nambari tisa, chini ya Mengineyo. Bodi yetu haikuwahi kufika nambari tisa. Ikifika nambari sita, harufu ya kuku wa kienyeji na mboga za chinsaga ilikuwa inaingia kutoka jikoni, na kila aliyetaka kuendelea na mkutano alionekana adui wa wananchi. Kisha ikaja barua nyingine: bodi isipopeleka jina kabla ya mwisho wa mwezi fulani, mkuu wa idara ataletwa kutoka nje.

Kemunto alikuja ofisini kwangu, akakaa kwenye kile kiti kinachogeuka. Aliniambia hospitali moja ya mbali imemwita.

"Sitaki kuenda, sista," alisema. "Mama yangu ako hapa, wagonjwa wangu wako hapa. Lakini siwezi kuwa kaimu mpaka nizeeke."

Nilimwahidi nitaionyesha bodi, kwa hesabu isiyobishika, kwamba wanawake hawapewi nafasi ya kusema pale mezani. Hapo ndipo nilipotengeneza ile fomu. Nilichora safu mbili, wanaume na wanawake, niandike kila mtu anasema kwa muda gani. Pembeni nikaongeza safu za kukatizwa, maana Matroni Akinyi alinifundisha kuandika hata kisichoulizwa. Mwenyekiti wa bodi, Daktari Omwenga yuleyule, alikuwa na desturi ya kukusanya simu zetu kwenye bakuli la matunda kabla ya mkutano, kwa hiyo kipimo changu kilikuwa ileile saa ya kifuani. Kwa miezi mitatu nilikaa kwenye kona nikiandika kumbukumbu za mkutano kwa mkono wa kulia na kuitazama saa yangu kama ninayetafuta doa kwenye gauni. Nilipima kila sauti, tangu mkutano unafunguliwa hadi unafungwa, bila kuacha sekunde.

Matokeo yakaja. Wanawake walikuwa wanazungumza kuliko wanaume.

Nilirudia hesabu mara tatu. Mlio wageni wa mikutano yetu niwaeleze ilivyokuwa. Daktari Omwenga aliona kwamba kumheshimu mwanamke ni kumwomba aombe. Mkutano unafunguliwa: mama mmoja atuombee. Chai inakuja: mama mmoja abariki. Chakula, mama mmoja. Kufunga, mama mmoja, na kabla ya kufunga, mama mmoja atoe neno la shukrani kwa waliopika. Na mama wa kwetu akiombea mkutano, haachi mtu nje. Anaombea wasafiri, wagonjwa, wajane, mvua, majani chai, na serikali zote mbili, ya kaunti na ya taifa. Mimi ni shemasi katika kanisa la Sabato. Haikunijia hata mara moja kwamba maombi si mazungumzo. Nilihesabu yote, mpaka amina.

Ningeificha ile ripoti, lakini mwenyekiti alikuwa ameiona mezani kwangu alipokuja kutafuta kiti cha magurudumu. Aliisoma amesimama. Uso ulimng'aa. Ijumaa aliisoma mbele ya wafanyakazi wote, akatangaza kwamba lengo limefikiwa na kupitwa, kwamba labda sasa wanaume ndio wasaidiwe, na kwamba hakuna haja tena ya ofisi yangu. Kwa heshima ya utumishi wangu haitafungwa mara moja, itafungwa nitakapostaafu. Nambari tisa nayo iliondolewa kwenye ajenda, maana ilikuwa ya usawa na usawa umeshapatikana. Watu walipiga makofi. Kemunto alikuwa amesimama mstari wa nyuma, na aliponiangalia hakuwa na hasira, jambo lililoniumiza zaidi. Nilimwahidi msaada nikampa mazishi. Nilikwenda chooni nikalia, muuguzi mzima, na saa yangu kifuani.

Siku iliyofuata ilikuwa Sabato. Sikusikia mahubiri. Jumapili nilikwenda Keroka kwa Matroni Akinyi, ambaye siku hizi anashona sare za wauguzi katika duka nyuma ya soko. Nilimpa ile fomu kama mtoto anayemwonyesha mzazi karatasi ya mtihani aliyofeli. Aliisoma pini zikiwa mdomoni. Alipita juu ya safu zangu mbili nzuri bila kusimama, akaenda pembeni, kwenye safu ambazo hakuna aliyezisoma, hata mimi.

Pale palikuwa na hadithi nyingine. Mwanamke akichangia hoja ya dawa, anakatizwa. Akichangia hoja ya maji, anakatizwa mara mbili, na wa pili anairudia hoja yake na kupongezwa. Kemunto alikuwa amekatizwa katika kila sentensi aliyoianza kwa miezi mitatu, mara moja akiwa anataja jina lake. Lakini kwenye maombi, kwa wanawake wote, mikutano yote, ilikuwa sufuri, sufuri, sufuri.

Matroni alitoa pini mdomoni. Aliniuliza kama kuna mtu yeyote katika Kisii na Nyamira anayeweza kumkatiza mtu anayeomba. Nilisema hayuko. Hata ng'ombe akiingia shambani, tunangoja amina.

"Basi hiyo ndio nafasi mlipewa," alisema. "Hesabu yako ilikuwa sawa. Ni vile hamjaitumia."

Nikiwa shemasi nilikaa na neno hilo kifuani njia yote ya kurudi nyumbani. Jumatatu nilimweleza Kemunto, nikitarajia akatae, na nusu ya moyo wangu ikimwomba akatae. Alifikiri kidogo. Akauliza kama nina nakala ya vyeti vyake vyote kwenye faili moja. Jumanne tulifanya mazoezi mbele ya vile viti, macho yamefumbwa, na hata kile kinachogeuka kilitulia.

Mkutano wa mwisho wa mwezi ulikuwa Alhamisi. Bodi ilikuwa imetimia, akiwemo Mzee Ombati, mkulima wa majani chai na mzee wa kanisa, mjumbe wa zamani kuliko wote, ambaye kwa kawaida alikuwa hazungumzi ila kuuliza kama dirisha linaweza kufungwa. Wanawake tulikuwa watatu: mimi, Kemunto, na mama mwakilishi wa wananchi. Daktari Omwenga alikusanya simu kwenye bakuli, akatazama huku na huku, akaniomba nifungue kwa maombi. Nilishika koo langu, lililofungwa skafu ya sufu. Akamgeukia mama mwakilishi, naye akapatwa na kikohozi ambacho kingefaa kupelekwa wadi.

"Basi, Daktari Kemunto," alisema. "Kwa ufupi."

Vichwa viliinama, macho yakafumbwa. Yangu niliyaacha wazi, nikainua saa.

Alianza vizuri tu, akishukuru kwa mvua. Akashukuru kwa kila mjumbe kwa jina, na kila mmoja akasema amina kwake. Kisha akaendelea, kwa ile sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuingoja ifike mwisho. "Baba, wewe unaijua idara ya upasuaji, na unajua haina mkuu. Unajua ni nani amekuwa akifanya hiyo kazi miaka minne. Wewe huhitaji kuonyeshwa vyeti, ingawa viko kwa ile faili ya kijani mbele ya mwenyekiti."

"Amina," alisema mjumbe mmoja, kwa mazoea.

Akamweleza Mungu alikosomea. Akamweleza wagonjwa aliowapasua, aina kwa aina, kwa lugha safi, bila kujivuna, na watu wawili waliomfia, akiwataja kwa huzuni ya kweli, na alichojifunza kwao. Akamweleza kuhusu taa ya chumba cha upasuaji inayozimika na mpango wake wa kuirekebisha. Nilikuwa nimefanya kazi naye miaka mingi na nusu ya mambo yale sikuyajua. Dakika ya sita, Daktari Omwenga alifumbua jicho moja. Likakutana na langu. Aliona saa mkononi mwangu, na nadhani hapo ndipo alipoelewa.

Alijaribu kukohoa. Hakuna aliyesikia. Dakika ya nane alifanya kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu angelifanya: ili kuyafunga yale maombi bila kuyakatiza, alisema kwa sauti kubwa, "Amina." Alidhani wengine watafuata na watakaa. Walifuata kweli. Meza nzima iliitikia amina kwa nguvu, macho bado yamefumbwa, wakidhani mwenyekiti ameguswa. Kemunto alimshukuru Mungu kwa ajili ya mwenyekiti aliyeguswa, akaendelea.

"Kwa hivyo Baba, barua imesema jina liende mwezi huu. Uwape hawa watumishi wako moyo wa kulipeleka leo, kabla ya chai. Na wote wanaokubali waseme."

"Amina," walisema wote, na Daktari Omwenga naye, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshazoea.

Dakika kumi na moja. Macho yalifumbuliwa. Watu walitazamana, wakikumbuka polepole walichoitikia. Mwenyekiti alifungua faili lake la ajenda, akasema tuanze na nambari moja. Ndipo Mzee Ombati akainua mkono, nasi tukatazama dirisha, lakini dirisha lilikuwa limefungwa.

"Mwenyekiti, hiyo mambo ya Kemunto tumemaliza," alisema. "Nyasae ametusikia tukisema amina mbele yake. Sasa turudi kwake tumwambie tulikuwa tunasafisha koo?"

Hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kurudi. Niliandika kwenye kumbukumbu kwamba bodi ilimthibitisha Daktari Kemunto kuwa mkuu wa idara kwa kauli moja, kwamba hoja ililetwa wakati wa maombi ya kufungua, na kwamba hapakuwa na pingamizi. Mwenyekiti alizisoma mara mbili. Alitia sahihi. Niliwaambia ni mtu mwema.

Baadaye nilimuuliza Kemunto kama hakuogopa kulitumia jina la Mungu kwa mambo ya ofisi. Mimi niliogopa, sitaficha. Aliniambia kila neno lilikuwa kweli na alikuwa anamwambia Yeye kwa moyo wake wote. "Kama kuna watu walisikia," alisema, "ni kwa sababu walikuwa wamekaa karibu." Nilimpelekea mchungaji wangu swali hilo pia. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akasema atalifikiria. Bado analifikiria.

Bodi ilichukua hatua. Ilitolewa amri kwamba maombi yote ya mikutano yawasilishwe kwa maandishi siku tatu kabla, nakala kwa kila mjumbe. Mzee Ombati aliuliza kama Mungu naye atapelekewa nakala au atasikia pamoja na wengine, na amri ikafa hapohapo. Likaja pendekezo la wanaume kuomba kwa zamu. Waliomba vizuri, wakashindana kwa urefu, na kwa kuwa walimaliza maneno yao huko, ajenda yenyewe tuliipata sisi tukiwa hatujachoka. Yule mzee wa Birongo alirudi kliniki na jogoo wa pili. Alisoma jina kwenye mlango wa mkuu wa idara, akafurahi, akampa Kemunto jogoo ampelekee mkuu. Safari hii jogoo alifika.

Badiliko kubwa zaidi sikulipanga. Tangu Alhamisi ile, mwanamke akisimama kuomba katika bodi yetu, hakuna anayefumba macho. Wanamtazama usoni tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, wengine kalamu mkononi. Nimefundisha Jumanne nyingi jinsi ya kumfanya mwanaume amsikilize mwanamke mpaka amalize, na hakuna somo langu lililoshinda hofu ile.

Sasa nifike kwenye fomu, Bosibori. Siku ya kuniaga walipika, wakaleta keki yenye picha ya saa, mwenyekiti akasema maneno mazuri. Hakutaja ofisi. Sote tulijua ahadi yake: mimi nikiondoka, mlango unafungwa, na vile viti vinarudi kuwa vibovu tu. Kemunto alinitazama, nami nikamtazama. Kisha Daktari Omwenga akanialika nibariki chakula, akauliza kwanza kama koo langu li salama.

Nilisimama. Naapa nilikusudia kushukuru kwa wali na kukaa. Lakini nilipoinua uso niliona macho yao yote yako wazi, meza nzima, yananingoja mimi, na saa ilikuwa kifuani. Nikashukuru kwa wali. Nikashukuru kwa Matroni Akinyi, aliyekuwa amekaa pembeni kwa sare aliyoishona mwenyewe. Kisha nikasema, "Na Baba, unajua kile chumba cha viti vibovu. Unajua kuna wasichana wanakuja pale Jumanne, na unajua kuna muuguzi anaitwa Bosibori, mpole, anayejua kuhesabu dakika nzima. Nakuomba..."

"Ameshapata kazi, sista," alisema Daktari Omwenga kutoka upande wa pili wa meza, kalamu mkononi. "Barua nitaandika kesho. Tafadhali malizia, chakula inapoa."

Nilisema amina. Kabla sijakaa nilifungua faili la fomu, ambazo sikuacha kuzijaza hata baada ya Kemunto kuthibitishwa, nikatafuta ile safu ya pembeni, na nikaazima kalamu nyekundu ya Kemunto. Miaka yangu yote ile safu ilikuwa sufuri. Ile moja ni mimi, na si makosa. Iache ilivyo.